Kitafuta

Ukumbi wa ushirika, Kibaigwa, mwezi wa tisa,
upepo unachezea bati lililolegea tangu mkutano uliopita.
Wajumbe sabini na wanne. Sita wako nje,
kwenye kivuli cha lori la mahindi,
hawataki ionekane wamekaa upande gani.

Mimi ni katibu. Kazi yangu kusikia na kuandika,
na ajenda ya nne ni sentensi moja ya vijana,
nimeinakili kwa kalamu ya bluu, nikaikandamiza:
Chama kitafuta ushuru wa gunia.

Sechelela Mbijima ndiye aliyeileta.
Ana miaka ishirini na saba na kilo zote kichwani:
lumbesa moja, kilo mia na thelathini,
inalipiwa kizuizini, inalipiwa tena sokoni,
"na mama yangu," anasema, "hulipia hata kile kigongo
kilichoshonewa juu kwa kamba,
ambacho dalali hakilipi."
Vijana wanagonga viti. Mmoja amepasua chake.
(Nimeandika: kiti kimoja, kijani.)

Mwenyekiti Chilongani hapandishi sauti.
Anauliza choo cha zahanati kitamalizwa na nini,
kimesimama kwenye lenta mwaka wa tatu, mbuzi wanalala humo.
Tumeishika halmashauri kwa kiti kimoja, anasema,
mnataka tuiachie kwa neno moja?

Ni yeye yule aliyelala mahabusu Mpwapwa siku tisa,
mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la pili,
kwa kuandika ukutani neno hili hili.
Sechelela anajua. Kila mtu anajua.
Ndiyo maana hamtazami usoni anapouliza:
"Mwenyekiti, ule mkaa ulikwisha lini?"

Bati.
Bati tena.

Kisha wazee wakarusha haraka haraka,
vijana wakarudisha ngoja ngoja,
methali zikatoka sare, kama kawaida.

Hapo Mwalimu Ndahani akanyoosha kidole,
mstaafu, aliyenifundisha ngeli na nyakati,
mtu wa kati, anayeamkia pande zote kwa mikono miwili.
"Tusigombane," akasema. "Tuongeze silabi."
Silabi gani?
"Ta. Moja tu. Kitafuta iwe kitatafuta.
Chama kitatafuta namna, kuhusu ushuru wa gunia."

Watu wakacheka, wakacheka kwa nafuu,
kama aliyeambiwa jino litaendelea kuuma
lakini halitang'olewa leo.
Arobaini na mmoja wakanyoosha. Ishirini na sita wakakataa.
Wale sita wa nje hawakuhesabika.
Wa saba ni mimi: nilikuwa nahesabu.

Nikachora kimshale juu ya mstari, nikaichomeka ta.

Sechelela alipita mezani pangu akiondoka.
"Andika vizuri, dada," akasema,
na mpaka sasa sijui kama lilikuwa tusi.
Mwenyekiti alibaki peke yake kule mbele
akipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja,
vidole vilivyokuwa safi.

Usiku, kwa tochi ya simu, nimefungua ukurasa unaofuata
niweke sawa kumbukumbu za ajenda ya tano.
Karatasi ni tupu, lakini imebonyea.
Ukiinamisha mwanga unasoma: kitafuta,
herufi zote, na ushuru, na gunia, hadi nukta.
Ile ta niliiandika kwa mkono mwepesi.
Haikufika chini.

Ajenda ya tano: deni la viti.
Pamoja na kile cha kijani.